Kudhalilishwa kwa Tatu Nukta Tisa

Karakana ya Viyoyozi,
Mlango wa nyuma, mkabala na matangi ya maji.
Alhamisi, kabla ya chai.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Klasta ya Kompyuta,
Ghorofa ya chini, chumba chenye baridi (ambayo ni kazi ya mikono yangu).

Shemeji,

YAH: PYTHON TATU NUKTA TISA KUDHALILISHWA MBELE YA BINTI YANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na mimi ninahusika zaidi yake. Nimeanza na "Mheshimiwa" kwa ajili ya cheo chako, nikashukia kwenye "Shemeji" kwa ajili ya dada yako, ambaye amenikataza kuandika barua hii. Ninaiandika basi nikiwa karakana, nimekaa juu ya kompresa mbovu, na kalamu ni ya kwako. Uliisahau Jumatatu.

Najua unanijua. Lakini barua za ofisi husomwa na wengi, wengine bila ruhusa, hivyo acha nijitambulishe. Mimi ndiye Fundi Baridi. Mwaka wa kumi na nne huu nazipoza kompyuta zako arobaini na nane, zile mlizoziunganisha kwa nyaya zikafanya kazi kama moja, mkaziita klasta. Nimefunga viyoyozi kwenye meli, kwenye hoteli za ghorofa thelathini, na kwenye chumba cha maiti ambako mpaka leo hakuna mteja aliyelalamika. Kwa lugha saba naweza kuomba maji, na kwa tatu kati ya hizo naweza kumtukana mtu akanishukuru. Shule niliishia darasa la saba, au tuseme tuliachana kwa makubaliano. Lakini hesabu nilikuwa wa tatu, na wale wawili walionitangulia walikuwa mapacha waliokaa dawati moja, kwa hiyo ukitenda haki mimi nilikuwa wa pili.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mpwa wako, Kitinda wangu, kwa miaka mitatu amevaa mabuti akipima mitaro ya mji huu kwa fimbo na daftari, ajue mvua kubwa ikinyesha ni mtaa upi utaingiwa na maji kwanza. Vipimo anavyo. Programu ya kuvikokotoa imeletwa kama maandishi mabichi, na sharti yapikwe kwanza kwenye hizo mashine zenu zinazoendeshwa na Linux ndipo yaweze kukimbia. Huko kupika ninyi mnakuita kukompaili. Wewe, kama mjomba mwema, ulimpa nafasi kwenye foleni ya klasta mpaka kesho Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo mnazima kila kitu wiki tatu kwa matengenezo, na profesa wake, yule wanafunzi wanayemwita Wino Mwekundu, anasafiri Jumatatu. Asipopeleka majibu kabla ya hapo, mtoto hahitimu mwaka huu. Hilo ndilo lililo mezani, Shemeji. Si heshima yangu, ingawa na yenyewe ipo mezani, pembeni kidogo, karibu na chumvi.

Jumatatu saa tano alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya chumba chako cha nje. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikisafisha chujio, juu kabisa ya kichwa chake. Simu yake ikaita, akatoka nayo koridoni, na alipofika mlangoni akanigeukia akasema, "Baba, usiguse kitu." Sasa wewe mwenyewe ni mtu wa mashine. Kumwambia fundi asiguse ni kumwambia mbuzi asione majani. Nilishuka.

Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika kwamba programu inataka Python 3.10 au zaidi, Python ikiwa ile lugha mnayoandikia programu. Kwenye kioo ilikuwepo orodha ya Python zote mlizonazo humo ndani, mtu achague moja. Nikawaza kama mzazi. Kwa nini mtoto wangu achukue ya chini wakati ya juu ipo? Nilimlea kwa kumnunulia viatu vyenye nafasi ya kukua. Nikaandika 3.9. Nikabonyeza, Shemeji, kwa upendo.

Mashine ikajibu kwa mstari mwekundu kwamba inahitajika 3.10 au zaidi, na iliyopatikana ni 3.9. Nikadhani haijanisikia. Mashine nyingi ndivyo zilivyo, hata kiyoyozi cha Mkurugenzi hakiwaki mpaka ukirudie. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara kumi na moja, na kila mara, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi nayo baba yake, nilikuwa namwagiza mpishi mpya jikoni. Wapishi kumi na mmoja walipogongana mlangoni, mfumo wako ukaifunga akaunti ya mtoto kwa kosa la fujo.

Ukaja wewe. Ukatazama kioo, ukanitazama mimi, na mbele ya Kitinda aliyekuwa amerudi na simu yake, mbele ya mlinzi na mama wa usafi, ukasema, "Shemeji, tatu nukta tisa ni ndogo kuliko tatu nukta kumi." Kisha ukacheka. Malalamiko yangu yanaanzia hapo, nayo ni haya yafuatayo.

1. Hesabu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na rula ya mita moja na sikumbuki hata siku moja akipima meza nayo. Alitufundisha kwamba baada ya nukta, tarakimu husomwa moja moja, na ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Tatu nukta tisa inakaribia nne, ikinyoosha mkono inamgusa. Tatu nukta moja sufuri ndiyo kwanza imetoka kwa tatu, bado ina tongotongo machoni, na ile sufuri ya mwisho ni pambo tu, kama pete kwenye kidole cha mguu. Nenda buchani uagize kilo 3.9 za nyama, mwenye bucha akupimie 3.10 na kusema amekuongezea. Utamshukuru?

Wala hili si la buchani peke yake. Ninapojaza gesi natazama geji. Ingekuwa kweli 3.10 ni kubwa kuliko 3.9, ningekuwa nimeshapasua mabomba ya jengo zima, na wewe sasa hivi ungekuwa unaipepea klasta kwa kipande cha boksi. Au fikiria siku utakayoniandikia kwamba nishushe joto la chumba kutoka 21.12 hadi 21.9. Nikufuate kwa hesabu ya nani? Kwa hesabu yako nitashusha. Kwa hesabu ya dunia nitapandisha, na kompyuta zako zitatoa jasho.

Ulijaribu kunielewesha, sikatai, na ulikuwa mpole baada ya kumaliza kucheka. Ulisema ile nukta si ya desimali, ni kama ya jengo na chumba: jengo la tatu chumba cha tisa, jengo la tatu chumba cha kumi. Mfano ni mzuri. Lakini mimi nimelala hoteli nyingi kuliko wewe, na chumba cha kumi hakijawahi kuwa kikubwa kuliko cha tisa kwa sababu ya namba yake. Nimelala chumba namba mia nne na kumi ambacho ukifungua mlango kitanda kinatangulia kutoka.

2. Foleni.

Hapa Shemeji nakuomba ukae chini. Kompyuta yako mwenyewe iko upande wangu. Kwenye ile orodha iliwapanga hivi: 2.7, 3.10, 3.11, 3.12, 3.6, 3.9. Soma tena taratibu. Mdogo ametangulia, akafuatiwa na anayemzidi, mpaka kwa tatu nukta tisa aliyesimama mwisho kama baba wa familia anayehakikisha watoto wote wamevuka barabara. Mashine isiyo na ndugu wala rafiki imewapanga sawasawa na alivyowapanga mwalimu wangu. Nilipokuonyesha, ukasema hapo imewapanga kwa herufi, kama kamusi. Nimeipekua kamusi ya Kitinda toka jalada hadi jalada. Haina namba hata moja isipokuwa za kurasa, nazo ziko kwa mpangilio ninaoukubali.

3. Wingi wa chatu.

Mama wa usafi ndiye aliyeniuliza maana ya Python, nami kwa kuwa najua lugha nikamwambia ni chatu. Tangu siku hiyo hafagii chini ya rafu za nyuma. Ameniuliza wako wangapi, nikahesabu sita kwenye orodha, na wewe ukaongeza kwamba yupo wa saba anayeitwa wa mfumo, aliyekuja na Linux yenyewe, ambaye asiguswe kwa namna yoyote maana akiguswa nyumba nzima inaanguka. Shemeji, chatu saba kwenye chumba kimoja, mmoja hagusiki. Hata mganga hafugi hivyo.

Mnawaita matoleo. Tangu utoto wangu matoleo hutolewa. Haya yenu yanaingizwa tu, hayatoki. Yule 2.7 alishastaafu zamani, nilisikia mkimsema kwenye kikao, mpaka mkapiga makofi ya kumuaga. Bado yumo. Nilipouliza anafanya nini, ukanijibu kwamba kuna mzee mmoja wa idara ya udongo ana programu yake ya zamani isiyokubali mwingine. Hapo nilivua kofia kwa heshima. Upendo wa namna hiyo hauna dawa.

Halafu kuna hili la kupika na mmoja na kula na mwingine. Kitinda alimweleza mama yake, huku mimi nikisikiliza kwa bahati mbaya nyuma ya mlango, kwamba ukikompaili kwa chatu mmoja halafu siku ya kuendesha ukamwita mwingine, programu inaanguka. Eti lazima awe yuleyule mwanzo mpaka mwisho. Hilo peke yake ndilo jambo la adabu nililolisikia katika habari hii nzima, na ninalipongeza. Lakini kama mnajua kwamba mtu anapaswa kushikamana na mmoja maisha yake yote, kwa nini mnampangia mbele yake sita na kumwambia achague kwa dakika moja, baba yake akiwa kwenye ngazi?

3.10. Kicheko.

(Msomaji asishangae kuona 3.10 ikitangulia 3.9. Ni ndogo.) Ulicheka, Shemeji. Mlinzi naye akacheka, na yule hajui Python wala nukta. Alicheka kwa mkopo. Sasa kila nikipita getini ananiuliza, "Fundi, leo ni tarehe tisa au kumi, na ipi inatangulia?" Jana nilipita kwa dirisha la stoo. Mtu wa umri wangu na makalio yangu hapaswi kupita dirishani.

3.9. Kimya cha mtoto.

Hili ndilo kubwa, ndiyo maana nimelipa namba kubwa. Tangu Jumatatu Kitinda hanisemeshi. Halalamiki, hanuni, ananipita kama ninavyompita jirani mwenye mbwa. Mezani anamwambia mama yake, "Mama, mwambie Baba anisogezee mkate." Mimi nipo hapo, mkate upo mkononi mwangu. Juzi nilimwandalia mabuti yake, nikayapiga brashi, nikayaweka mlangoni. Akavaa viatu vingine. Nimesafiri bahari na nchi, nimenusurika gesi iliyovuja kwenye lifti nikiwa na wapishi wanne na kasuku, lakini sijawahi kuogopa kitu kama ule mkate.

Najua atahitimu. Kama si mwaka huu, mwakani. Lakini huo mwakani utakuwa na jina langu, Shemeji. Kila atakapoulizwa kwa nini alichelewa atasema, kwa sababu ya baba, na atakuwa anasema kweli.

4. Maombi.

Kwa kuwa kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya mbu, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya kesho saa kumi.

(a) Akaunti ya mtoto ifunguliwe. Kosa lilikuwa la kidole changu. Kama mfumo unataka kumfungia mtu, nifungiwe mimi. Sina akaunti, lakini naweza kufunguliwa moja ili ifungwe.

(b) Chatu wote wapangwe upya kwa hesabu ya darasa la saba, na 3.10 ashushwe cheo awe 3.1 kama alivyozaliwa.

(c) Kama (b) ni nzito, basi namba zifutwe kabisa na wapewe majina ya ukoo, ambayo hakuna asiyeyajua. 2.7 awe Babu. 3.6 awe Baba Mkubwa. 3.9 awe Baba. Wanaofuata wawe watoto, mpaka kwa 3.12 ambaye ni kitinda mimba. Hapo hata mlinzi hatakosea. Nimeipitia tena hii (c) na nimeona tatizo dogo, kwamba programu ikisema inataka "Kaka au mkubwa zaidi" mtu atamletea Babu, na kumbe inataka mdogo zaidi. Kwa hiyo naomba iundwe kamati.

(d) Kamati hiyo iwaandikie wenye Python popote walipo duniani, kwa lugha ya heshima, kuwauliza walisoma shule gani. Barua nitaiandika mimi.

(e) Wakichelewa kujibu, klasta nzima ihamie kwa mnyama mwingine. Napendekeza kobe. Ni mmoja, hana matoleo, na hata akipinduliwa anabaki yeye.

(f) Ikishindikana yote, kuanzia Jumamosi kiyoyozi cha chumba chako kitafuata hesabu ya Python. Sitishii. Nakukumbusha tu, kwa upole wa mtu mwenye funguo za valvu, kwamba hizo kompyuta arobaini na nane zinapumua kwa mkono wangu, na kwamba mpaka sasa sijacheka.

Nategemea busara yako, ambayo dada yako huisifia nyumbani kiasi cha kunichosha. Nisalimie watoto wako wote kwa majina yao. Msalimie mkeo, mwambie friji lake nitalipitia Jumapili, asiliguse, ila nikisema asiliguse aelewe kwamba namaanisha. Msalimie mzee wa idara ya udongo na Babu wake 2.7. Msalimie mama wa usafi, mwambie wale chatu hawana meno. Kompyuta namba thelathini na moja, yule mwenye homa za mara kwa mara, mwambie nakuja kumwona. Hata mlinzi msalimie, lakini kwa kifupi.

Ndimi niliye chini yako kwa cheo, juu yako kwa ngazi,

Fundi Baridi,
Shemeji yako kwa mapenzi ya dada yako na uvumilivu wangu.

Nakala kwa:
Mkurugenzi, kwa hatua;
Wino Mwekundu, kwa huruma;
Mke wangu, kwa taarifa tu, si kwa maoni.

Nyongeza, baada ya sahihi. Saa saba na nusu mchana.

Shemeji, nilikuwa nimeshaifunga bahasha Kitinda alipoingia karakana. Alikuja peke yake, akakaa kwenye kompresa, akaniambia mimi, si mama yake, "Baba, inakimbia."

Ameniambia akaunti uliifungua Jumanne asubuhi. Na kwamba jana wakati wa chakula, badala ya kula, ulikaa naye mkasoma yale maandishi mabichi mstari kwa mstari, mkagundua kwamba programu yenyewe haimhitaji Python hata chembe. Eti Python anatakiwa kwa kile kijisehemu cha kuchora picha za rangi tu, na kuna mahali pa kuandika neno moja la kukikataa. Mkaliandika. Mkapika bila chatu yeyote, mkubwa wala mdogo, ikaiva kwa dakika sita. Saa nne leo ikapata zamu yake kwenye foleni, na kesho asubuhi majibu yatakuwa tayari, saa nyingi kabla ya kumi. Nimemuuliza zile picha za rangi atafanyaje. Amesema atachora kwa penseli, na akaniuliza kama najua kunyoosha mstari. Nimemwambia nilikuwa wa pili darasani.

Kwa hiyo lalamiko la 1, la 2, la 3, la 3.10, la 3.9 na maombi ya 4, yote nayafuta, na kwa mpangilio wowote utakaoupenda. Kamati isiundwe. Kobe asiletwe. Barua hii ichane ukimaliza kuisoma, ila salamu uzifikishe.

Tatizo ni nakala. Ya mke wangu nimeinyang'anya. Ya Wino Mwekundu bado ninayo. Ya Mkurugenzi niliipeleka mwenyewe saa tatu, karani wake akaipiga muhuri na kuiweka juu kabisa, juu ya bajeti. Mkurugenzi anarudi kutoka mkutanoni saa nane. Mimi mlangoni kwake sipiti tena, sasa mlinzi yuko pale. Wewe una miguu mirefu, Shemeji, na bado una nusu saa.